TUPIME NA TUTENGENEZE HEWA YA NDANI YA NYUMBA ZETU

Somo letu la leo linahusu kitu ambacho hatukioni, hatukinunui, wala hatuwezi kukaa dakika chache bila kukitumia. Kitu hicho ni hewa. Maji ya kunywa tunayachemsha. Chakula tunakifunika. Je, hewa? Ni nani kati yetu aliyewahi kuipima hewa ya chumba anacholala?

Mahali ninapoishi panaitwa Mafiga, katika Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Msomaji anajua maana ya neno mafiga. Ni yale mawe matatu tunayoinjikia chungu. Mawe hayo yametulea sote. Lakini moto unaowaka katikati yake, ukiwashwa mahali pasipofaa, unatuumiza polepole, na pengine unatuua kwa usiku mmoja.

Mimi ni tabibu msaidizi mwenye elimu ya cheti, na bado ni kijana. Wazee wangu na mama zangu mnaosoma gazeti hili mmepika na kuota moto miaka mingi kabla sijazaliwa. Sitaki kuwafundisha kupika. Nataka kuwaeleza jambo nililojifunza kwa kuchelewa.

KISA KILICHONIFUNZA

Mwezi Julai mmoja nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati ya milimani. Wakazi wa Mgeta, Bunduki na Kinole wanaujua mwezi huo. Ukungu unashuka mapema, na usiku baridi inapenya hata kwenye blanketi.

Asubuhi moja alikuja mama mwenye mtoto mchanga wa siku 6. Alisema kichwa kinamuuma kila anapoamka, anasikia kichefuchefu, na miguu haina nguvu. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nilimpima joto, hakuwa na homa. Nilimpima shinikizo la damu, kwa kuwa mzazi anayeumwa kichwa lazima apimwe shinikizo. Lilikuwa la kawaida. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia apumzike nyumbani.

Mama yake mzazi ndiye aliyemsindikiza. Kabla ya kutoka aliniambia, "Daktari mwanangu, ajabu ni kwamba tukishafika njiani kichwa kinapoa. Akirudi ndani kinaanza tena." Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilikuwa na foleni nje.

Usiku wa tatu waliletwa wote wawili. Mama alikuwa amebebwa hajitambui. Nyumbani kwao mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na jiko la mkaa limewekwa miguuni pa kitanda ili kumpa joto mzazi. Mama alianza kuzinduka akiwa njiani kwenye upepo. Alipelekwa hospitali, akapewa oksijeni, akapona. Mtoto wake wa siku 9 hakupona.

Bibi wa mtoto hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mkaa ule haukuwa na moshi hata kidogo. Sasa kimemuua nini?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Somo hili ndilo jibu lake. Ningelijua kuuliza swali moja, yaani "Usiku jiko lenu linalala wapi?", pengine mtoto yule angekuwa anatembea leo.

MOSHI UNA NINI NDANI YAKE?

Moto wa kuni, mkaa, maranda au mafuta ya taa unatoa vitu vingi. Tutazame viwili vilivyo vibaya zaidi.

Cha kwanza ni chembe ndogo sana. Masizi meusi tunayoyaona darini ni chembe zilizoshikamana. Zipo nyingine ndogo mno zinazoelea hewani. Chukua unywele mmoja wa kichwani. Upana wake ni kama mara 30 ya upana wa chembe hizo. Kwa sababu ya udogo wake, pua haiwezi kuzizuia. Zinafika mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia katika damu.

Wataalamu wanazo mashine za kupima chembe hizi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hewa tunayovuta kwa siku nzima isizidi maikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo. Jikoni penye moto wa kuni na tundu dogo la hewa, mara nyingi mashine husoma mamia, na wakati wa kupika huweza kupita 1,000. Hapa kwetu Tanzania upimaji wa namna hii ulifanyika Bagamoyo, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2007. Hewa ilipimwa jikoni, sebuleni na nje. Jikoni ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Na jikoni ndiko anakoshinda mama, na mtoto mgongoni.

Cha pili ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Inatokea kila moto unapokosa hewa ya kutosha. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi unaitoa kwa wingi.

Inauaje? Damu yetu ina chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, kama wachukuzi wanaobeba mizigo sokoni. Hewa hii ya sumu inashikamana na wachukuzi hao kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wachukuzi wamejaa, lakini mzigo waliobeba si ule unaotakiwa. Ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anaishiwa nguvu, kisha analala usingizi asioamka. Hapigi kelele, kwa sababu hajui kwamba anakufa.

Basi jibu la swali la yule bibi ni hili: mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Moshi unaouona unakufukuza nje. Sumu usiyoiona inakuacha ulale.

WANAOUMIA NI NANI?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa mapema kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Mtoto mdogo hupata homa ya mapafu, yaani nimonia. Mama mjamzito akivuta moshi, mtoto tumboni hukosa oksijeni ya kutosha, naye huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Mama aliyepika miaka mingi hupata kikohozi kisichokwisha na pumzi fupi. Moshi huchangia pia ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Mwenye pumu hubanwa zaidi.

Wazee husema, "Bibi yetu alipika kwa kuni, akaishi miaka 80." Ni kweli, wako waliofika. Lakini tuwahesabu pia waliozikwa wadogo, ambao hatukujua walikufa kwa nini.

TUPIMEJE HEWA NYUMBANI?

Mashine za wataalamu ni ghali. Hata hivyo, viko vipimo ambavyo kila kaya inaweza kuvifanya bila fedha. Havitoi namba, lakini vinatoa ukweli.

Kipimo cha kwanza: masizi. Ingia jikoni mchana na tochi. Tazama paa, miti ya dari, na utando wa buibui. Kisha tazama vivyo hivyo chumba cha kulala. Masizi ya jikoni yanaonyesha kwamba moshi unakaa badala ya kutoka. Masizi ya chumbani yanaonyesha kwamba moshi unalala nanyi.

Kipimo cha pili: vitambaa vitatu. Chukua kitambaa cheupe safi, ukikate vipande vitatu vilivyo sawa. Kimoja kitundike jikoni, kwa kimo cha kichwa cha mpishi. Cha pili kitundike chumbani juu ya kitanda. Cha tatu kitundike nje, chini ya paa, mahali pasiponyeshewa. Viache siku 7. Kisha viweke mezani pamoja, watoto nao waone. Kikiwa cha chumbani kimepata rangi ya moshi, hivyo ndivyo mapafu yenu yanavyopokea kila usiku. Mkishatengeneza nyumba, rudieni kipimo kwa vitambaa vipya mlinganishe.

Kipimo cha tatu: njia ya hewa. Zima moto wote. Chukua gunzi la mahindi linalofuka moshi kidogo, au kijiti cha udi. Lisogeze karibu na dirisha, kisha mlangoni, kisha chini ya paa. Tazama moshi unakwenda wapi. Ukitoka nje, hapo ni mlango wa kutokea. Ukirudi ndani, hapo ni mlango wa kuingilia. Ukisimama tu, hapo hewa imekufa.

Fanya kipimo hiki mchana, ukirudie usiku. Sisi tunaoishi kwenye milima na chini yake tuna jambo letu la pekee. Mchana jua linapopasha miteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani. Usiku hewa ya baridi hushuka bondeni. Hivyo dirisha linalotoa moshi saa 8 mchana huweza kuurudisha ndani saa 2 usiku. Mtu akijenga jiko bila kujua jambo hili, atalaumu fundi bure.

Kipimo cha nne: tochi gizani. Baada ya kupika chakula cha usiku na kuzima moto, zima taa, uwashe tochi ukielekeza mwanga upande wa pili wa chumba. Ukiuona mwanga kama fimbo nyeupe hewani, moshi au vumbi bado vimo. Hesabu dakika mpaka fimbo hiyo ififie. Nyumba inayopumua vizuri hujisafisha haraka. Nyumba isiyopumua hukaa na moshi mpaka watu wanakwenda kulala.

Kipimo cha tano: kichwa cha asubuhi. Waulize wote waliolala humo. Je, mnaamka na kichwa kizito au kichefuchefu? Je, wanaoumwa ni zaidi ya mmoja, bila homa? Je, mkitoka nje mnapata nafuu, na mkirudi ndani mnaumwa tena? Jibu likiwa ndiyo, msingoje kesho. Toeni moto ndani leo, kisha mwende kituo cha afya mkaeleze hivyo hivyo. Hiki ndicho kipimo ambacho yule bibi alinipa bure, nami nikakiacha.

ONYO KUHUSU VIPIMO HIVI

Hakuna pua, jicho wala kitambaa kinachoweza kuona kaboni monoksaidi. Wengine husema, "Taa ikiendelea kuwaka, hewa ni nzuri." Usemi huo ni wa hatari. Sumu hii huua mtu huku koroboi ikiendelea kuwaka. Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyolia king'ora vikiinusa, na mwenye uwezo anunue. Asiye nacho afuate sheria moja tu: jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama dirisha liko wazi, hata kama mkaa umekwisha kuwa mwekundu, hata kama kuna baridi.

Kwa wenzangu wa zahanati nina neno moja. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni hudanganywa na sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayekufa. Basi tusikitegemee peke yake. Tuulize habari za moto.

MAFIGA MATATU YA HEWA SAFI

Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Hewa safi nayo inataka mafiga matatu: mahali pa moto, kitu tunachochoma, na njia ya hewa. Tukitengeneza moja tu, chungu kitaanguka.

Nchini Malawi wataalamu waliwagawia wananchi wa vijijini majiko yaliyoboreshwa yanayochoma kuni kwa moshi mdogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Nimonia ya watoto haikupungua. Wengi waliona ajabu. Lakini mtoto havuti moshi wa jiko la mama yake peke yake. Anavuta moshi wa jirani, wa taka zinazochomwa, wa koroboi na wa tumbaku. Basi tusidanganyike kwamba jiko jipya peke yake ni dawa.

Figa la kwanza: mahali pa moto

Jiko lijengwe mbali na chumba cha kulala. Kama hali ya hewa inaruhusu, pika nje, au chini ya kibanda chenye paa na kuta fupi. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Baba, kaka na dada wakubwa wampokee. Hii ni kazi ya baba kama ilivyo ya mama.

Wengine huacha moto ndani ili moshi ukaushe mahindi darini na kufukuza fukusi. Ni kweli, moshi unawafukuza. Lakini mahindi yanaweza kuwa na nyumba yake na watu wakawa na yao. Jenga kihenge au ghala nje, au tumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Mahindi lazima yakaushwe vizuri kwanza, la sivyo yataota kuvu.

Mzazi na mtoto mchanga wapewe joto bila moto. Mtoto alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa khanga na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Avalishwe kofia na soksi. Maji ya kuoga yachemshwe nje. Kifua cha mama ni jiko lisilo na sumu.

Figa la pili: kitu tunachochoma

Kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Zipasue ndogo, zipangwe juu ya kichanja chini ya paa, zikauke kabisa kabla ya masika. Usichome mifuko ya plastiki, matairi wala nguo chakavu ili kuwashia moto. Moshi wake una sumu nyingine nyingi.

Punguza muda wa moto. Loweka maharage na mahindi ya makande tangu usiku. Funika chungu. Moto wa saa 3 ukiwa saa moja na nusu, moshi umepungua nusu, na kuni zimepungua nusu.

Koroboi ni moto mdogo wenye moshi mkubwa, na mtoto anayesomea chini yake anauvuta wote. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani. Taa ndogo ya jua ni bora zaidi. Kwa mbu tumieni chandarua badala ya kuchoma dawa ya kufuka usiku kucha.

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 10. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, kama gesi na umeme. Hilo ni lengo jema. Lakini tunajua kwamba wengi wetu tunanunua mkaa kwa kopo kwa sababu siku ile hatuna fedha ya kujaza mtungi. Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kusaidiana kwa zamu. Mwenye gesi na mkaa aanze kwa kupikia gesi vile vyakula vya haraka, kama chai na uji wa mtoto, ili moto wa asubuhi usiwashwe ndani.

Mwenye gesi ajue kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huzama chini. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

Figa la tatu: njia ya hewa

Tundu moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Moshi wa moto hupanda juu, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu, karibu na paa, na la kuingilia liwe chini upande mwingine. Kipimo cha tatu kitakuonyesha upande unaofaa.

Bomba la moshi, yaani dohani, ni bora zaidi. Lipite kilele cha paa, vinginevyo upepo utausukuma moshi urudi. Penye paa la nyasi, bomba lisiguse nyasi. Zungushia tofali na udongo, maana tukiokoa mapafu tukaunguza nyumba hatujafanya kitu. Lisafishwe masizi mara kwa mara.

Nimewauliza watu kwa nini wanaziba madirisha. Wamenijibu mambo matatu: wezi, mbu na baridi. Yote ni ya kweli, na kila moja lina jibu. Kwa wezi, toboa matundu madogo juu ya ukuta, ambayo mkono haupiti. Kwa mbu, weka wavu. Kwa baridi, fungua asubuhi na mchana ili nyumba ipumue, na usiku acha wazi matundu ya juu tu. Nyumba inayopumua inasaidia pia kupunguza ukungu wa ukutani, na kupunguza uambukizo wa kifua kikuu kwa wanaolala pamoja.

KWA WANAOPANGA CHUMBA

Ndugu zangu wa Mafiga na mitaa mingine ya mjini, wengi wetu tunapanga. Vyumba sita vina korido moja, na katika korido hiyo yanawaka majiko sita. Mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Afanye nini?

Kwanza, washa jiko nje uani, ukapikie huko huko. Mvua ikinyesha, pika mlangoni kwenye upepo, si ndani ya chumba. Pili, baada ya kupika, zima mkaa kwa mchanga au kwa kuufunika ndani ya chungu, nje. Usiuingize ndani eti umekwisha. Tatu, wapangaji waitane na kumwendea mwenye nyumba kwa pamoja. Mpangaji mmoja akiomba kibanda cha kupikia uani, ataambiwa ahame. Wakiomba sita, watasikilizwa.

MTU AKIZIDIWA NA HEWA YA SUMU

1. Fungua mlango na madirisha kabla ya jambo jingine. Usikae ndani kumpa huduma, nawe utaanguka.
2. Mtoe nje kwenye hewa safi.
3. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala maji, yatampalia.
4. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama amezinduka. Anahitaji oksijeni.
5. Semeni wazi: "Alilala na jiko la mkaa." Maneno hayo yatamsaidia tabibu kuliko vipimo vingi.

NA MTOTO ANAYEKOHOA

Akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Pumzi zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa wa miezi 2 mpaka 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 mpaka 5, huenda ni nimonia. Mpeleke siku ile ile. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, nenda sasa hivi.

TUMEWEZA ZAMANI

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja mtu wa kuwachimbia. Walijua adui wao ni nani. Moshi nao ni adui, lakini tumeuzoea mno hata tunauona kama mtu wa nyumbani.

KAZI YA WIKI HII

Kila kikundi kifanye kipimo cha vitambaa katika nyumba tatu: moja inayopikia ndani, moja inayopikia nje, na moja ya wapangaji. Leteni vitambaa kwenye mkutano wenu. Chagueni nyumba moja yenye mzazi au mtoto mchanga, mwende wote kuijengea kibanda cha jiko.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mkaa usio na moshi una hatari?
2. Katika kijiji au mtaa wenu, mzazi hupewa joto kwa njia gani? Njia hiyo ibadilishweje bila kuwadharau wazee?
3. Upepo wa usiku kwenu unatoka upande gani? Majiko yenu yanatazama wapi?
4. Nani nyumbani huamua mahali pa kujenga jiko? Je, ndiye anayepika?

MANENO MAPYA

Dohani: bomba la kutolea moshi juu ya paa.
Kaboni monoksaidi: hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, inayotoka kwenye moto.
Masizi: weusi unaoachwa na moshi.
Nimonia: homa ya mapafu.

Ndugu msomaji, usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, uliza swali ambalo mimi sikuuliza: jiko letu linalala wapi? Kama linalala ndani, inuka ulitoe nje.

Tabibu Msaidizi,
Mafiga, Morogoro.